Nyumba Isiyo na Mtu

Miaka hiyo kila nyumba ilikuwa na grafu ukutani, ikijichora kwa maneno yaliyosikika humo. Mwalimu Tunu alileta nakala ya grafu ya kwake darasani, akaficha jina.

"Mlalo ni siku, wima ni maneno. Nani atatusomea?"

Mwanafunzi wake Sikudhani akasimama. "Mwalimu, tangu Machi mstari umelala chini. Siku zinaongezeka, maneno hakuna. Nyumba hii haina mtu."

Machi ndipo Tunu alipomzika mama yake.

"Vizuri sana," alisema. "Mpigieni makofi."

Jioni alisimama mlangoni kwake, funguo mkononi. "Hodi," akaita. "Hodi. Hodi." Dirishani akauona mstari ukipanda maneno matatu. Mgeni asiyeitikiwa mara tatu huondoka. Tunu akageuka, kisha akakumbuka hapa ndipo kwao.