Kunawa Uso wa Jemadari

Lài alikuwa ameinua upanga wa mbao juu ya kichwa cha msaliti alipomwona mumewe. Khiêm alikuwa amekaa safu ya mbele uani pa hekalu, mguu juu ya mguu, akijipepea polepole. Hakuwa akitazama upanga. Alikuwa akitazama nyuso.

Lài akasahau ubeti wake. Mpiga ngoma akarudia pigo ili kumsubiri. Akakumbuka, akaushusha upanga, msaliti akaanguka, watu wakashangilia. Hakuna aliyejua kwamba jemadari yule alikuwa mke wa mtu aliyekaa mbele.

Hanijui, alijiambia. Uso wake ulikuwa umepakwa wekundu wa damu ya jogoo, mistari myeusi ikapita machoni hadi masikioni, na ndevu za manyoya zikafunika kidevu. Hata mama yake mzazi angempita.

Lakini mchezo ulipokwisha, Khiêm alikuwa amekwishafika nyuma ya jukwaa. Alisimama kwenye kijia kati ya ukuta wa hekalu na mfereji, njia pekee ya kutokea.

"Mke wangu yumo humu," alimwambia mkuu wa kikundi cha maigizo, kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Nina uhakika. Haya, naweni, msiwe na haraka. Nitamjua mkishanawa."

Mkuu akajikuna shingo. "Ukimwona, ondoka naye kimyakimya. Sitaki fujo siku ya sikukuu."

Lài akajificha nyuma ya majoho yaliyotundikwa, mkono ubavuni. Mara ya kwanza alipotoroka, Khiêm alimkuta kivukoni, akamrudisha huku akisalimiana na watu njiani kwa tabasamu, kisha akafunga mlango na kumvunja mbavu. Alikuwa na duka la mkorogo wa kuchubua ngozi mjini Cần Thơ, na mkewe ndiye aliyekuwa tangazo la duka. Ole wake jua limkute hajajipaka na kuchora nyusi.

"Shangazi, mimi sinawi," alimnong'oneza Tám, mwigizaji mkongwe wa kikundi. "Nitatoka hivihivi."

"Wote watoke wamenawa, wewe utoke jemadari peke yako? Si utakuwa umemwita mwenyewe?" Tám akamsogezea beseni. "Nawa, mwanangu."

Tám ndiye aliyempokea mwaka uliopita, alipokuja na uso uliochubuka kama nyanya iliyomenywa. Wenzao waliondoa rangi usoni kwa sabuni ya kufulia. Lài alipojaribu alipiga yowe. Tám akamshika mkono hadi duka la dawa sokoni. Muuzaji akawapangia chupa: ya povu jingi, yenye harufu ya waridi, yenye chembechembe za kusugulia.

"Hizo oshea masufuria yako," Tám alimwambia. "Tupe isiyo na harufu, isiyo na povu la kujionyesha, isiyoacha uso umekakamaa kama ngozi ya ngoma."

Hawakuipaka usoni papo hapo. Waliijaribu kwanza nyuma ya sikio, wakasubiri waone kama pangewasha. Hapakuwasha. Basi ikawa ndiyo desturi: mafuta ya nazi ya kulegeza rangi, kisha sabuni ile kidogo tu, kwa ncha za vidole, maji ya vuguvugu, na kitambaa cha kubonyeza, si cha kusugua. Ngozi ikatulia mwezi kwa mwezi, ikarudia rangi yake. Nywele nazo alizikata ili taji la jemadari limkae vizuri.

"Sasa ndiyo umekuwa binti wa wakulima wa mpunga," Tám alimtania siku moja, na Lài akacheka hadi akajishangaa.

Leo hakuwa na kicheko. Mafuta yalimmwagikia gotini. Alisugua kama anayetaka kujitoa uso wote.

"Taratibu," Tám akasema. "Usiuadhibu uso kwa makosa ya mtu."

Akapunguza. Vidole vikazunguka mashavuni, pajini, pembeni mwa pua. Maji yakawa mekundu, jemadari akayeyuka, mstari baada ya mstari. Kila alipochota maji alijihisi anavuliwa nguo mbele ya watu.

Kijiani, waigizaji walikuwa wakipita mmoja mmoja. Khiêm aliinamia kila uso wa kike, akaukagua kama mtu anayechagua samaki.

"Kaka, mke akikukimbia mwache akimbie," yule aliyecheza binti mfalme akamrushia. "Au ndiye aliyekuwa akikupikia?"

"Wewe siye. Pita."

Lài akautupia jicho mfereji. Ulijaa mashua za waliokuja kwenye sikukuu, ubavu kwa ubavu, hata pa kurukia majini hapakuwapo. Mkono wa Tám ukamgusa mgongoni, ukamsukuma kidogo mbele.

Akaenda. Harufu ya mafuta ya nywele ya Khiêm ikampata kabla hajamfikia. Alitaka kuinamisha kichwa, akajua kuinama ndiko kungemfanya ashukiwe, akauinua uso, mtupu, bado una unyevu.

Khiêm akamzuia kwa kiganja. Akamkazia macho: paji, mashavu, mdomo. Akasogea karibu zaidi. Kisha mkono wake ukaingia polepole ndani ya koti.

Lài akafumba macho, akangoja.

Hakuna kilichomgusa. Alipofumbua, Khiêm alikuwa amemnyooshea picha ya mwanamke mweupe kama mchele, nyusi nyembamba za wino.

"Samahani, dada," akasema, kwa adabu ambayo Lài hakuwahi kuisikia kinywani mwake. "Hujamwona mke wangu?"