Inakohoa Ikipunguza Mwendo

Pikipiki ilikohoa mara mbili, ikapiga mlipuko mmoja wa kushtua watu, ikazimika kabla haijafika mlangoni mwa gereji. Fundi hakuinua hata uso. Aliijua. Ilikuwa inarudi kwake kwa mara ya tatu.

"Fundi, umeniangusha tena," mwenye pikipiki alisema huku akicheka. Pale gerejini walimwita Mzee wa Soda, maana hakuwahi kufika bila kuwanunulia wote soda. Mtu wa watu. Leo alikuwa amekuja na mkewe na binti yao mdogo. "Leo ikishindikana naipeleka kwa wale jamaa wa ng'ambo ya barabara. Na nitawaambia nimetoka kwako."

Ulikuwa utani, lakini utani wa aina hiyo huua jina la mtu, na fundi hakuwa amebakiwa na kingine zaidi ya jina. Tangu mkewe afariki alikuwa anakula, analala, anafungua gereji, anafunga. Moyo ulikuwa umekufa ganzi. Chai aliinywa bila kujua kama ina sukari.

Mzee wa Soda akavuka barabara kwenda dukani. Mkewe akakaa kwenye benchi, blauzi yake ya mikono mirefu ikiwa imefungwa vifungo vyote, na jua lilivyokuwa kali.

Pikipiki ilikuwa imefanyiwa mambo: kabureta kubwa ya pikipiki nyingine, filta ya hewa iliyo wazi, na eksozi nene ya kuchomelea ambayo mwenyewe aliagiza iwe kimya kabisa. Nguvu alizitaka, kelele hakuzitaka. Kwenye kasi iliteleza vizuri. Ikipunguza mwendo tu, inaanza kukohoa na kulipuka. Fundi alikuwa ameilaumu kabureta, kama ambavyo fundi yeyote angefanya. Alibadilisha plagi, akazibua vitundu vya mafuta, akakaza hiki na kulegeza kile. Kazi bure.

"Shemeji, huko nyumbani inafanyaje?"

"Hivyohivyo. Ikifika kona ya kwetu inakohoa." Mwanamke akavuta mkono wa blauzi hadi kiganjani. "Kwani si iachwe tu, fundi? Inatembea."

Fundi aliipanda akaizungusha mtaani. Aliporudi, ikikohoa na kulipuka, alimkuta mwanamke amesimama wima. Binti hakuonekana. Alikuwa nyuma ya lundo la matairi, amejikunyata, mikono imefunika kichwa.

"Anacheza," mama yake alisema.

"Kajificha vizuri," fundi akasema, akachukua chupa yake ya maji ya sabuni.

Aliiacha injini ingurume taratibu, akapulizia maji kwenye kila kiungo. Alipofika kwenye mpira unaounganisha kabureta na injini, chini kabisa ya klipu, povu likafyonzwa ndani na mlio ukabadilika. Akazima, akafungua klipu. Hapo palikuwa na tundu. Halikuwa ufa wa mpira uliochoka. Lilikuwa la mviringo, safi, limetobolewa na kitu chembamba chenye moto. Pembeni yake kulikuwa na jingine, la zamani zaidi.

Aliutazama mpira ule kwa muda mrefu. Marehemu mkewe alikuwa na tabia ya kumfichia viatu siku za mapumziko, ili asitoke. Fundi akikasirika, mkewe anacheka hadi machozi. Fundi hakuwa amemkumbuka hivyo tangu msibani, na kitu kikamchoma kifuani, kitamu na kichungu kwa pamoja. Kumbe bado wapo wanawake wanaowataka waume zao nyumbani kiasi hiki.

Akasogea kwenye benchi, akashusha sauti. "Shemeji, sindano ni za kushonea nguo."

Kwa mara ya kwanza mwanamke alimtazama usoni. "Usimwambie."

"Simwambii."

"Basi fundi, nakuomba iache kama—"

"Soda hizi hapa!" Mzee wa Soda alikuwa ameshaingia, chupa zikigongana mikononi. Mwanamke akafunga mdomo, akampokea chupa moja kwa mikono miwili, akamshukuru.

Fundi alimwambia mwenye pikipiki kwamba mpira ulipasuka kwa joto. Akafunga mpya, mnene, akauzungushia ukanda wa chuma ambao hata msumari usingepenya. Alifanya kazi ile kwa furaha, jambo lililomshangaza mwenyewe. Alipowasha, pikipiki ilinguruma taratibu bila kukwama, kimya kiasi kwamba mlio wa binti akivuta soda kwa mrija ulisikika gereji nzima.

"Fundi, mkono wako ni dawa!" Mzee wa Soda alimkumbatia mbele ya watu, grisi na yote. "Nawapeleka hawa nyumbani, halafu nina safari zangu."

Fundi akamkonyezea mwanamke. "Usijali, shemeji. Haitamlaza njiani tena. Sasa atakuwa anarudi mapema."

Mwanamke alimpakata binti, wakaondoka, na pikipiki ikakata kona bila kukohoa hata mara moja.

Jioni ile fundi aligundua kuwa chai yake haina sukari. Akaongeza vijiko viwili, akalala usingizi mzuri.

Asubuhi mwanamke alikuja kwa miguu. Binti alikuwa mgongoni, ingawa alishapita umri wa kubebwa, mkono wake umefungwa kwa kitambaa hadi shingoni. Mama mwenyewe alijitanda mtandio uliomwachia jicho moja tu. Hakulia, wala hakupaza sauti.

"Fundi," alisema polepole, maana mdomo ulimpa taabu, "jana hatukumsikia akirudi."