Wafufue Humu Humu

Mlango wa kituo cha utafiti uling'olewa kwa mateke. Wa kwanza kuingia alikuwa Maligana, mfugaji wa samaki wa vizimba, panga mkononi. Nje, wenzake walikuwa wakivunja madirisha kwa mawe.

"Ulisema watakufa Ijumaa," alimfokea Mwasiti, mtafiti wa ziwa. "Leo Ijumaa, na sato wangu wote wanaelea matumbo juu! Ulijuaje kama si wewe uliyewaroga?"

"Kompyuta ndiyo iliyopiga hesabu, kaka. Upepo, joto la maji, hewa iliyobaki chini. Niliwaambia mhamishe vizimba."

Kofi likamwangusha. Maligana akamwinua kwa nywele, akambana uso kwenye skrini, ambako ziwa lilikuwa jekundu tupu. Damu ya mdomo ikachuruzika juu ya vitufe.

"Umewaulia humu. Wafufue humu humu!"

Panga likiwa shingoni, Mwasiti akarudisha hesabu hadi wiki iliyopita. Ziwa la kwenye skrini likageuka buluu, na vidoa vya samaki vikajaa tena.

Kelele zikakatika. Maligana akamwachia, na wote wakakimbilia ufukweni na mapanga yao, kuangalia kama mizoga imeanza kupiga mikia.