Konokono Alivyohama

Hapo kale, wajukuu, Korongo alipiga mbiu: "Tufani yaja! Kimbilieni mlimani!"

Konokono akatoka kabla ya wote, uji wake akauacha mekoni. Mara Punda akampita mbio, mgongo mtupu.

"Kaza mwendo, bibi! Nyumba si unayo mwenyewe?"

"Nipakie basi, baba."

Punda alishafika mbali. Wengine nao wakapita, wakaisha, akabaki yeye na upepo wake.

Tufani ilipotulia wakarudi, wakamkuta ameng'ang'ania kisiki, gamba limepasuka.

"Mkaidi wewe!" Korongo akafoka. "Mbiu hukuisikia?"

"Niliisikia, baba. Nilitangulia kuwashinda nyote," akajibu Konokono. "Hapa ndipo nilipofika."

Punda akainamisha masikio, na mgongo wake ungali mtupu.