Jicho la Kushoto

"Naona hata misumari ya kibao cha ng'ambo ya barabara," baba alisema, jicho la kulia kwenye darubini ya dukani. "Tuchukue hii."

Kifuniko cha lenzi kilikuwa hakijatolewa.

Binti yake alikiona, roho ikamuuma. Miaka yote ya mashindano ya shabaha yeye alifyatua, baba akamwambia risasi imetoboa wapi. Fainali ilikuwa keshokutwa, na hakumtaka mwingine yeyote pembeni yake.

Muuzaji alifungua mdomo. Binti akamkata jicho. Akakichomoa kifuniko kimyakimya.

"Baba, jaribu na la kushoto."

"La nini? Nalenga kwa la kulia tangu ujana."

"Jaribu tu, usinibishie."

Akahamisha jicho.

"Kuna mama," akasema polepole, "anamfunga mtoto kamba za viatu. Za kijani."