Mstari wa Dokta Ayanna

"Kama mlinzi wa duka hajawahi kukufuatafuata akidhani utaiba, songa mbele," Dokta Ayanna akawasomea wanafunzi wake.

Wazungu wote wakasonga. Keyonna akabaki palepale, mgongo ukutani. Walikuwa wameanza wote kwenye mstari mmoja, pale ukutani. Kila mwaka wanafunzi wa chuo hiki cha Ohio huchezeshwa mchezo huu, ili Wazungu waone kwa macho yao rangi inavyowabeba.

"Kama polisi akikusimamisha barabarani huogopi kufa, songa mbele."

Wakasonga tena. Tanner, aliyekuwa mbele kabisa, akageuka na kucheka kwa haya. "Samahani jamani, mimi nilizaliwa tu!"

Hakuna aliyecheka naye. Keyonna alikuwa analia.

"Haya, wao wamejifunza," akasema. "Mimi je, Dokta? Haya yote nilikuwa nayajua! Mnanibandika hapa ukutani ili wao waelimike?"

Dokta Ayanna Pruitt akaona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Maskini, mtoto wa watu! Mweusi pekee darasani, na wiki iliyopita alikuwa ameshafunga mizigo arudi kwao. Ni yeye Dokta aliyemsihi abaki.

"Na wewe, Dokta, ungesimama wapi?" Tanner akauliza.

Dokta akautazama ule ukuta. Roho ilimsuta, lakini akatembea mpaka kwa Keyonna na kusimama ubavuni pake.

Keyonna akamshika mkono. "Mungu anajua, ningekuwa nimeshaondoka. Weusi humu ni mimi na wewe tu. Nimebaki kwa sababu yako."

"Usiseme hivyo, mama," Dokta akanong'ona. Machozi yakamlenga, akayafuta upesi kabla hayajateremka mashavuni. Darasa zima likamwonea huruma.

Mlango ukagongwa. Mzee wa Kizungu akachungulia, kofia mkononi.

"Niwieni radhi. Namtafuta binti yangu, nimeambiwa anafundisha humu. Mama yake yu mahututi, na simu zangu hapokei."

"Umekosea chumba, babu," Keyonna akamwambia kwa upole, bado ameushika ule mkono. "Mwalimu wa humu ni huyu hapa."

Mzee akavaa miwani. Akamtazama Dokta: nywele, mikono, halafu macho, na hapo akakawia.

"Becky?" akasema. "Mwanangu, huo uso umeupaka nini?"