Kiatu cha Kulia

Mwanamke aliyesimama mlangoni mwa gereji alikuwa amelowa manyunyu, koti limemganda mwilini. Kwapani alibana boksi la viatu lililofungwa kwa uzi wa sufu.

"Wauza mayai ni nyumba ya pili," Wilf Tuckwell alimwambia bila kuinua kichwa kwenye injini. "Kila mtu hupotea."

"Sikupotea. Mimi ni mke wa Lachlan Orr."

Spana ikatulia mkononi mwa Wilf. Miaka minne Lachlan aliendesha magari yao ya mbio, na mkewe hawakuwahi kumwona. Alikuwa akibaki kwao Uskoti, hana moyo wa kutazama mashindano.

Katikati ya gereji, juu ya vibao, lilikaa pacha wa gari lililomuua Lachlan. Ndani yake alikuwa dereva mpya, Giles Peverell, anapimwa kiti. Nyuma ya gari ilichomoza feni, pana kama sinia la pilau.

Feni hiyo ndiyo iliyowagombanisha na timu zote za Ulaya. Ilifyonza hewa chini ya gari, gari likashika lami kama mjusi anavyoshika ukuta. Wapinzani walisema ni wizi mtupu. Aubrey Stannard, aliyelibuni, aliwajibu kwamba feni ni ya kupoza injini, na akawajibu huku anatabasamu. Alhamisi kamati ya mashindano ingekaa kuamua kama gari lipigwe marufuku.

Ila lilikuwa na tabia moja. Feni ilizungushwa na injini. Ukikanyaga mafuta, gari linanata. Ukiiogopa kona ukainua mguu, feni inalegea, gari linaruka. Kwa hiyo kila dereva, kabla ya kufungwa mikanda, Aubrey alimshika mkono na kumtoza ahadi: mguu hauinuki.

Lachlan aliahidi. Mwezi Juni, kwenye kona ya nne, gari likaruka.

"Pole kwa msiba, mama," Aubrey alisema akifuta mikono. "Lakini yote tulishayasema mbele ya hakimu."

"Nilikuwepo. Mlisema aliogopa." Mwanamke hakusogea. "Baba mkwe wangu aliokoa watu migodini miaka thelathini. Tangu siku ile ameigeuza picha ya mwanawe, inatazama ukuta. Nimekuja niwaulize mara moja, nikiwatazama usoni. Kuna aliyeuona mguu wake?"

"Hakuna haja ya kuuona. Feni tuliikuta nzima. Feni nzima, gari limeruka, basi mguu umeinuka. Hiyo ni hesabu, mama, haina huruma."

Mwanamke akamgeukia Wilf. "Na wewe, mzee? Alikuwa akikutaja sana."

Wilf alikuwa amempenda Lachlan, ndiyo sababu hasira yake haikuwa imepoa. Gari alilolijenga kwa mikono yake, kijana akalibamiza ukutani kwa woga.

"Aliinua, dada. Kona ile hata bibi yangu angeipita kakanyaga mafuta."

Giles akachekea ndani ya kola yake.

Mwanamke aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyetajiwa saa. Kisha akaweka boksi juu ya meza ya kazi.

"Asubuhi ile mvua ilimlowesha viatu. Alinipigia simu, akasema, 'Mzee Wilf ameniazima vipya, nikisahau nikumbushe nimrudishie.' Nikamwambia, 'Nitakukumbusha.'" Akanyoosha uzi kwa kidole. "Hospitali walinipa kimoja tu, cha kulia."

"Mama, umetoka Uskoti kwa ajili ya kiatu?" Aubrey aliuliza.

"Mabasi matatu. Kitu cha mtu kilikuwa hakikai kwake."

Hilo lilikuwa kweli. Hata spana Lachlan aliirudisha imefutwa. Na Wilf aliikumbuka asubuhi ile: viatu vipya kutoka dukani, soli laini kama karatasi, na Lachlan akilalamika kwamba vitateleza. Wilf akaichomoa pedali ya mafuta, akaitoboa matundu saba, sita yakizunguka moja. Gereji ile ilitoboa kila chuma ili gari liwe jepesi. Hata kijiko kikisahaulika mezani kingetobolewa. Lakini safari hii kingo za matundu aliziacha kali makusudi, zimshike mguu.

"Haya, kimefika," Aubrey alisema. "Basi la mwisho hapa ni la saa kumi. Usilikose."

Birika lilikuwa linachemka. Hakuna aliyemkaribisha chai. Mwanamke alifunga vifungo vya koti na kurudi kwenye manyunyu.

Aubrey aliinama juu ya gari. "Tulikuwa tunasemaje, Giles?"

"Mguu hauinuki, bosi."

"Ahadi?"

"Ahadi. Mimi si Orr."

Wilf alilibeba boksi hadi kwenye pipa la chuma chakavu. Kiatu kimoja hakimfai mtu. Alikata uzi, akakitoa. Ngozi ilikuwa imechanika mpaka kisiginoni, kamba zimekatwa kwa mkasi. Alikigeuza tu kwa mazoea ya fundi, aone kama raba yake itafaa kwa kazi nyingine.

Barabarani, basi la saa kumi lilisimama, likafunga mlango, likaondoka.

Chini ya vidole vya mguu, raba ya soli ilikuwa imedidimia kufikia nusu ya unene wake. Matundu yalikuwepo yote saba, sita yakizunguka moja, yamechapwa kwa uzito wote wa mtu aliyefika ukutani akiwa bado amekanyaga.

Mguu haukuinuka.